Nguzo Tatu Nilizozihamisha

Nianze na jambo ambalo mtaa wetu ulilijua kabla sijashuka kwenye ndege: nilirudi Mombasa na diploma. Diploma ya upimaji wa ardhi, yenye mhuri wa kubonyeza ambao ukiupitishia kidole unauhisi, nimeipata Uingereza kwa jasho langu, bila kaka wa kunilipia wala mjomba wa kunisukuma. Mchana nilioka mikate kiwandani, jioni nilikaa darasani nikinuka hamira. Miaka minane. Shangazi yangu, aliyenilea katika nyumba yake ya ghorofa moja hatua chache kutoka barabara ya Ndia Kuu, aliitia diploma hiyo kwenye fremu ya kioo akaitundika sebuleni, kati ya picha ya Makka na saa ya ukutani. Mgeni hakupewa kahawa mpaka aisome. Asiyejua Kiingereza alisomewa na shangazi, ingawa naye hakijui.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu waliotoka Ulaya walirudi na redio kubwa za kubebwa begani. Mimi nilirudi na utepe wa chuma wa kupimia na kichwa kilichojaa hesabu. Siku ya pili tu nilijaribiwa. Mwenye duka la vyuma pale Ndia Kuu, Mhindi wa Kibohora aliyenijua tangu nikitumwa misumari, alivuta kamba kutoka kwenye bunda akaitandaza juu ya meza.

"Wasema umesomea kupima," akaniambia. "Hebu kadiria."

"Mita sita," nikasema bila kusita.

Akaipima. "Sita na robo. Wangereza wamekubakishia robo mita."

Nilimweleza kwamba mpimaji wa kisasa hakadirii kwa macho, ana vyombo. Akasema basi siku nyingine nije na vyombo, kamba itakuwa palepale.

Kazi nayo haikukawia kunijia, na naomba ieleweke kwamba niliipata kwa barua niliyoiandika mwenyewe. Ofisi ya reli ilinipa mkataba wa miezi mitatu. Kando ya reli kuna nguzo fupi za zege, zimepakwa rangi nyeupe na kuandikwa nambari nyeusi, moja kila kilomita, hesabu ikianzia stesheni ya kisiwani. Dereva wa gari moshi na wafanyakazi wa njia huzitazama wajue wako wapi. Wazee wengi waliziita maili hata baada ya maili kuondolewa. Malalamiko yalikuwa kwamba nyingine zimekaribiana na nyingine zimeachana. Barua ilinitaka nipime kuanzia stesheni mpaka nivuke tuta la Makupa, niandike nilichokiona, nilete ripoti. Ripoti ikipendeza, kulikuwa na nafasi ya kudumu katika chumba cha ramani, meza karibu na dirisha, na kiti chenye magurudumu. Nilikiona kiti hicho siku nilipokwenda kutia sahihi. Nilikikalia kidogo.

Nilifanya kosa la kumwambia shangazi habari ya kile kiti. Juma hilo alikwenda harusini mtaa wa Kuze, na aliporudi mji mzima ulikuwa umeshanipongeza kwa kazi ya kudumu. Nikamwambia, "Shangazi, bado sijapewa." Akanijibu, "Utapewa. Mimi siwezi kuwarudia watu wote wale." Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sikuwa natafuta kazi, nilikuwa naikimbilia kazi ambayo tayari nimeshapongezwa kwayo.

Nilipewa genge la watu sita pamoja na mnyapara wao. Mnyapara alikuwa Mrabai, Mkristo, mrefu, karibu kustaafu, na alikuwa ameitembea njia ile kwa miguu tangu hajaota ndevu. Nilimwamkia kwa adabu, kwa sababu diploma haiondoi adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mpimaji. Nimeambiwa umekaa Ulaya."

"Miaka minane."

"Na huko nguzo zao ziko sawa?"

Sikuwahi kuzipima, lakini nikasema ziko sawa kama meno ya kitana.

"Basi huku utachoka," akasema, akawaamuru vijana wake wabebe utepe.

Tulipima polepole, asubuhi kabla jua halijachoma reli, maana chuma kikipata moto hurefuka na mpimaji mwenye elimu hulizingatia hilo. Kilomita ya kwanza ilipungua mita nne, nikaisamehe. Ya pili ilizidi mbili. Ya tatu, inayopita Shimanzi nyuma ya maghala ya bandari, ilitupa mita elfu moja mia moja na thelathini na saba. Nikarudia. Elfu moja mia moja na thelathini na saba. Nikabadilisha washika utepe, nikarudia mara ya tatu. Ikanijibu vilevile.

Sitaficha kwamba nilifurahi. Daktari naye hufurahi akiupata ugonjwa.

"Mzee," nikamwambia mnyapara, "hii kilomita ina mita mia moja na thelathini na saba zisizo zake."

"Ni zake," akasema. Akaninyooshea mkono kwenye ukuta mrefu wa ghala. "Zamani reli ilipita pale, moja kwa moja. Ghala lilipojengwa, reli ikapindishwa kulizunguka. Njia ikarefuka, nguzo zikabaki na nambari zake. Ziko na fupi pia. Huko bara waliponyoosha kona, kuna kilomita ambayo abiria hajamaliza kumenya chungwa, nguzo nyingine hii hapa."

"Na kwa nini hawakuzipanga upya?"

"Ukiisogeza hii, si itabidi usogeze na inayofuata?"

"Tutaisogeza."

"Na ya Mazeras?"

"Nayo."

"Na ya Voi? Na za Nairobi?"

"Mzee."

"Na zile za Malaba, mpakani? Au hizo tuwaachie Waganda wenyewe?"

Genge zima likacheka, na mmoja akaketi kabisa juu ya reli ili acheke vizuri. Mimi nikawaambia kwamba hesabu haijui zamani wala ghala. Kilomita ni mita elfu moja, iwe Shimanzi au London. Bado naamini sentensi ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mahali pasipofaa.

Usiku ule niliwaza ripoti. Kusema nguzo imekosewa, hilo mtu yeyote mwenye utepe aliweza. Lakini ripoti inayosema imekosewa na nimeshairekebisha, hiyo ndiyo ya mtu wa kiti chenye magurudumu. Barua haikunituma kung'oa kitu. Niliisoma tena asubuhi nikaona pia haikunikataza.

Nilimwonyesha mnyapara barua yenye mhuri wa ofisi, nikamwambia tunaanza kuhamisha. Akaitazama kwa muda mrefu, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Sawa, bwana," akasema. "Wewe ndiye mwenye karatasi. Lakini mtaimbo wa kwanza utaushika wewe."

Nikaushika. Nguzo ya tatu ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, nayo ilikuwa imekaa ardhini miaka mingi ikiota mizizi ya ukaidi. Tuliing'oa, tukaisogeza mita mia moja na thelathini na saba kuelekea stesheni, tukaisimamisha. Kisha ya nne ikawa mbali na ya tatu, kama mzee alivyosema, tukaisogeza nayo. Nikanunua rangi nyeupe kwa yule Mbohora kwa pesa zangu, tukazipaka zikang'aa.

Ya tano ilikuwa ng'ambo ya Makupa, kwenye mteremko wa kuingia bara. Nilipima, nikapiga alama ya chaki, na chaki ikaangukia juu ya kalvati, lile bomba kubwa la zege la kupitishia maji chini ya reli. Hakuna anayeweza kuchimba shimo la nguzo juu ya bomba. Nilizunguka pale kwa dakika kadhaa, nikiwa na penseli sikioni. Mwishowe nikasema iwekwe pembeni, mita nane mbele.

Mnyapara akakohoa. "Mita nane hizo utaziweka wapi?"

"Nitaziandika katika ripoti."

"Vizuri. Hata yule aliyetutangulia aliziandika katika ripoti."

Nikamuuliza ripoti hiyo iko wapi. Akasema labda iko mahali pazuri, kwa sababu hakuna aliyeiona tangu hapo.

Lililofuata ndilo kosa langu halisi, na nalieleza jinsi lilivyokuwa. Nilipaswa jioni ileile kupeleka ofisini orodha ya nguzo zilizohama. Sikuipeleka. Nilitaka iwasili ndani ya ripoti kamili, iliyopigwa chapa, yenye jalada la kijani na maandishi ya dhahabu. Fundi wa majalada alikuwa karibu na Soko Kuu, naye alikuwa na kazi nyingi za mialiko ya harusi. Akaniambia nisubiri siku kumi. Nikasubiri. Jalada la dhahabu linahitaji subira.

Siku ya nane, asubuhi, ofisi ilituma mabehewa ya kokoto. Kuna kona dhaifu kule Shimanzi iliyokuwa ikizama kidogo kidogo, na amri iliandikwa kama amri zote zinavyoandikwa: mwaga kokoto mita mia mbili baada ya nguzo ya tatu. Mnyapara na genge lake walikuwa wamesimama kwenye kona hiyo na makoleo, wakingoja. Dereva akaiona nguzo ya tatu, nyeupe, inang'aa, akahesabu mita zake mia mbili, akasimamisha gari. Watu wake wakafungua milango ya mabehewa.

Zile mita mia moja na thelathini na saba zilimsimamisha kabla ya kona, kwenye kivuko. Ndipo mahamali wanapovukia na mikokoteni kuelekea bandarini, na makarani wa Kilindini hupita hapo kwa miguu. Kokoto zilishuka zikafunika njia yote mpaka kiunoni. Nilifika nikiwa na daftari langu, nikakuta mikokoteni mitatu imekwama, mmoja una magodoro hadi juu, na foleni ya lori ikirudi nyuma mpaka sioni mwisho. Mnyapara alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye kona, bendera ya kijani mkononi, amechelewa.

"Mwatuletea nini hiki?" hamali wa magodoro akaniuliza, kwa sababu mimi ndiye niliyevaa shati jeupe. "Pwani ya Nyali imehamia huku?"

"Panda juu uogelee," mwenzake akamwambia.

"Mimi siogelei na godoro. Mwambie huyu bwana wa daftari aje abebe upande mmoja."

Nikabeba upande mmoja. Nilibeba magodoro kumi na moja juu ya rundo lile, na kila nikivuka, hamali yule aliniuliza kama ninaandika.

Kabla ya adhuhuri mnyapara aliitwa ofisini. Yeye, si mimi. Nguzo zote za kipande kile zilikuwa chini ya genge lake, na kwenye karatasi jina langu halikuwa popote, maana karatasi yangu ilikuwa kwa fundi wa majalada. Nilikwenda nyuma yake nikabaki nje ya mlango wa mhandisi wa reli, mkubwa wetu, mlango ukiwa nusu wazi. Nikapiga hesabu, nayo haikunichukua muda. Nikinyamaza, mzee atakaripiwa, nguzo zitasahihishwa kimyakimya, na mimi bado nina kiti changu. Nikiingia, kiti kimekwenda, na shangazi atakuwa na harusi nzima ya kuirudia.

Mhandisi alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani, asiyepaza sauti.

"Nani aliyezing'oa?"

"Ziko chini ya genge langu, bwana," mnyapara akasema.

"Sijauliza ziko chini ya nani."

"Genge langu lilizing'oa."

"Mzee, wewe. Miaka yote hii." Akaweka kalamu mezani. "Na umbali ulipimaje? Kwa hatua?"

Mnyapara akaanza kukung'uta vumbi la kokoto kwenye suruali.

"Inaonekana ni kwa hatua," mhandisi akasema. "Kazi ya kubahatisha. Mtu ametembea, amechoka, akasema hapa panatosha."

Ningependa kuandika kwamba niliingia kwa ajili ya haki. Shangazi husimulia hivyo, na mimi humwacha. Ukweli ni kwamba ningeweza kumwacha mzee akaripiwe dakika tano nyingine, lakini kipimo changu kuitwa cha kubahatisha, hilo sikuliweza. Nikausukuma mlango.

"Si cha kubahatisha," nikasema. "Ni mita elfu moja mia moja na thelathini na saba. Nimeipima mara tatu, kwa utepe wa chuma, asubuhi, na nimeondoa athari ya joto."

Wote wawili wakanitazama. Mnyapara alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeona kikombe kikielekea ukingoni mwa meza.

"Wewe ndiye uliyezihamisha," mhandisi akasema.

"Mimi. Na ya tano nimeiweka mita nane mbele kwa sababu ya kalvati."

"Keti."

Nikaketi, kwenye kiti cha kawaida cha miguu minne. Mhandisi akafungua kabati nyuma yake. Lilijaa vitabu, vingine vikubwa kama mlango wa dirisha. Akaviita kimoja kimoja. Hiki cha makalvati. Hiki cha madaraja. Hiki cha ajali. Hiki cha mahali ambapo ng'ombe wa watu hupita, hiki cha mipaka ya kila genge. Kila mstari katika kila kitabu ulianza na nambari ya nguzo.

"Wewe wadhani nguzo imewekwa ili tujue mita elfu imekwisha," akasema. "Ikiwa hilo tu ndilo tunalotaka, tunao utepe. Nguzo ni ya kumwambia mtu mahali. Dereva akisema amegonga ng'ombe baada ya nguzo fulani, leo au miaka thelathini iliyopita, sote tujue ni palepale. Ukiihamisha, vitabu hivi vyote vinasema uongo. Kilomita ikiwa ndefu, iwe ndefu. Tunachohitaji ni kujua ni ndefu kiasi gani."

"Kwa mia moja na thelathini na saba," nikasema.

"Nimekusikia mara ya kwanza."

Nikamuuliza basi kwa nini barua ilitaka nipime. Akavua miwani akaifuta. Akasema kwamba vitabu vyote anavyo, isipokuwa kimoja: kitabu cha kilomita zisizo sawa. Watu kama mnyapara wanazijua kwa miguu, na wakistaafu huondoka na miguu yao. Mkataba wangu ulikuwa mwanzo wa kitabu hicho. Aliniambia ana siku ya kufikiri habari zangu, na kwamba siku hiyo niitumie kurudisha nguzo.

Tuliporudi Shimanzi niliwaza kazi ya kutafuta sehemu zilipokuwa. Nilianza kufungua utepe. Mnyapara akanipita, akasogeza kwa mguu mbao mbili za mataruma makuukuu, yale yanayolaliwa na reli, zilizokuwa kando ya njia. Chini yake kulikuwa na shimo la nguzo ya tatu, safi, halijafukiwa. La nne lilikuwa vilevile. La tano vilevile.

"Uliyaacha wazi," nikamwambia.

"Niliyafunika, mtu asivunjike mguu."

"Tangu siku ya kwanza ulijua?"

"Nilijua kuchimba kunachosha," akasema. "Shika mtaimbo, bwana."

"Na kwa nini ulisema genge lako ndilo lililozing'oa?"

"Kwani si ndilo? Wewe ulishika mtaimbo mmoja tu, tena vibaya."

Kesho yake mhandisi alikuja mwenyewe kwa toroli, kile kigari kidogo cha kusukumwa juu ya reli, akasimama kwenye kila nguzo, akatikisa kila moja kwa mkono. Ya tano aliitikisa mara mbili. Kisha akanipa jibu palepale, kando ya reli, genge zima likisikiliza huku likijifanya linakaza bolti.

"Sijaona vipimo safi kama vyako," akasema. Nikasimama wima. "Na sijaona mtu ninayemwogopa zaidi karibu na njia yangu. Chumba cha ramani sikupi. Kazi ya kudumu ipo, lakini ni ya kutembea. Utakuwa chini ya mzee huyu mpaka atakapostaafu. Anachokijua kwa miguu, wewe ukipime na ukiandike. Kisiwa kwanza, halafu Mazeras, halafu mbele. Na usiguse kitu kinachosimama."

Nikauliza kama kuna meza.

"Kuna toroli," akasema.

Mnyapara alikuwa na elimu ya darasa la nne. Mimi nilikuwa na diploma ya Uingereza. Nililifikiria hilo kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia, nikasema nimekubali. Nimesema mwanzoni kwamba kila kitu nimekipata mwenyewe, na hii pia ni hivyo: kama si mimi kuingia katika ule mlango kuitetea mita yangu, kazi ile asingepewa mtu. Kitabu cha kilomita ndefu na fupi, kutoka stesheni mpaka mbali huko, kina mwandiko wangu ukurasa baada ya ukurasa, na yeyote atakayekuuliza kwa nini nguzo za reli hazilingani, mlete kwangu. Nitamjibu zaidi ya anavyotaka.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia shangazi. Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nilimweleza yote, kokoto, magodoro, kiti. Hakuacha kukuna.

"Kazi ni ya kudumu?"

"Ya kudumu, shangazi. Lakini ni ya kutembea juani."

"Kiti hakuna."

"Hakuna."

Akageuza kifuu, akafikiri. "Wamekupa nini basi, kitu cha kuonekana?"

"Wamenipa kofia. Ngumu, ya kazini."

"Ina alama ya reli?"

"Inayo, mbele."

"Basi nitasema wamekuvika kofia," akasema, akarudia mbuzi yake. "Mengine hawatauliza."

Hawakuuliza. Jioni ile nilipokwenda msikitini, wazee watatu walinishika mkono kunipongeza kwa kofia, na mmoja wao akataka kujua kama sasa nitaruhusiwa kulisimamisha gari moshi. Nikamwambia nitaruhusiwa.